Jinsi Nilivyopima Kaiti Paje

Bwana Mhariri amewaomba wanafunzi wa zamani waandike habari za kazi zao, ili wale walio darasani sasa wapate kujua kama masomo wanayofundishwa yana faida yoyote nje ya lango la shule. Wenzangu wameandika habari za hospitali, za benki na za mashamba ya kahawa. Mimi sina habari kubwa kama hizo. Habari yangu ni ya mchezo, tena mchezo wa tiara. Lakini naomba msinicheke upesi, kwa maana katika mchezo huo nusura mtu mmoja apoteze kazi yake bila kosa, na mwenye kosa alikuwa ni mimi ninayeandika.

Nilipomaliza masomo hapa Uganda nilikaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Kampala na Dar es Salaam, naye akaniambia, "Wewe kijana, panda gari, ukaione bahari. Huko hutakosa kibarua." Basi nilipanda, nikafika Dar es Salaam, nikavuka kwa meli hadi Unguja, na mwisho wa safari nikajikuta katika kijiji cha Paje, mwanzoni mwa msimu wa kusi wa mwaka 2018. Kiswahili changu kilikuwa kile cha darasani na cha ndani ya lori. Watu wa Paje walikisikiliza kwa adabu, kisha wakacheka, wakanipa jina la Mganda. Jina hilo lilinikaa mpaka nilipoondoka.

Paje iko upande wa mashariki wa kisiwa. Mbele yake pana mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi makubwa, na kati ya mwamba na pwani pana maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe. Maji yakipwa, bahari hukimbia mbali, ukabaki uwanja mpana sana ambapo akina mama hutunza mashamba yao ya mwani. Upepo wa kusi huvuma hapo katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Septemba, na kaskazi huvuma tangu Desemba hadi karibu na Machi. Kwa sababu ya maji hayo na pepo hizo, wageni huja kutoka nchi nyingi kujifunza kuteleza juu ya bahari wakiwa wamesimama kwenye ubao na kuvutwa na tiara kubwa. Tiara hizo vijana wa pwani huziita kaiti.

Kaiti si ile tiara ya karatasi na njiti tuliyorusha utotoni. Ni kitambaa chepesi kilichopinda kama mwezi mchanga. Mbele yake kuna mrija mnene unaojazwa hewa kwa pampu, ili kaiti ikianguka majini ielee na iweze kuruka tena. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio walioandikisha uvumbuzi wa tiara ya namna hiyo mwaka 1984. Kaiti za siku hizi kwa kawaida zina kamba nne, kila moja yapata mita 20 na zaidi. Kamba mbili za mbele hubeba sehemu kubwa ya mzigo, nazo huishia kwenye ndoana ya mkanda ambao mtu hujifunga kiunoni. Kamba mbili za nyuma hufungwa kwenye ncha mbili za mpini. Ukiuvuta mpini karibu na kifua, kaiti hukamata upepo zaidi. Ukiusukuma mbali nawe, kaiti huachia upepo na kulegea. Huko kuachia ndiko usalama wa mwanafunzi, na naomba msomaji alikumbuke neno hilo, maana habari yangu yote iko humo.

Tajiri wetu alikuwa na banda la kufundishia wageni. Mimi nilikuwa fundi msaidizi: kuosha kaiti kwa maji ya kisima, kuziba matundu, na kila Ijumaa kukagua kamba kama zina urefu sawa, kisha kutia sahihi yangu katika daftari. Mwalimu wetu mkubwa alikuwa kijana wa hapo hapo Paje ambaye pwani yote ilimwita Nahodha. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka sita, nami nilimwita kaka. Ndiye aliyenipa mahali pa kulala siku ya kwanza, na ndiye aliyenifundisha kutofautisha maji kupwa na maji kujaa, jambo ambalo mtu wa bara huliona kama uchawi.

Sasa, kila mtu wa pwani alikuwa na kaiti yake anayoisifu. Huyu atasema yake ina nguvu, yule atasema yake ni nyepesi, wa tatu ataapa kwamba yake inaruka hata kwenye upepo wa kupuliza mshumaa. Bandani kwetu ubishi ulikuwa juu ya kaiti mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Zilitoka katika viwanda tofauti, na zote mbili ziliandikwa mita 9 za mraba. Ya bluu ilikuwa na miaka miwili, nyekundu ilikuwa mpya. Mimi nilikuwa upande wa bluu. Nilisema wazi, tena kwa sauti kubwa, kwamba bluu ina nguvu kuliko nyekundu. Ukiishika unaona inavuta wakati wote, haichoki. Tajiri alinisikia, akasema akipata fedha atanunua bluu sita. Nami nilijisikia mtu wa maana sana.

Alasiri moja ya mwezi wa Agosti Nahodha alikuwa akimfundisha mgeni mmoja mwanamke kwa kaiti ile ya bluu. Upepo ukazidi ghafula. Tuliokuwa bandani tulisikia Nahodha akipaza sauti, "Sukuma mpini! Sukuma!" Lakini kaiti ilimvuta yule mama, ikamburuta juu ya mchanga hatua kama thelathini, mpaka Nahodha alipomrukia na kufyatua kifyatuo cha usalama. Mgeni aliumia bega, akapelekwa hospitali. Alipona, lakini maneno yalikwisha kuenea pwani.

Jioni tajiri alimwita Nahodha mbele yetu sote. Alisema kosa ni la mwalimu, kwamba hakumfundisha mgeni kusukuma mpini.

Nahodha akajibu kwa utaratibu, "Bwana, aliusukuma mpaka mwisho. Mimi niliona kwa macho yangu. Kaiti haikuachia."

Tajiri akatuuliza, "Kaiti hii ina ubaya gani?" Mafundi na walimu wote wakanyamaza, nami nikasema, "Haina ubaya, Bwana. Ni nzuri kuliko zote." Tajiri akasema mwisho wa mwezi Nahodha atafute kazi mahali pengine.

Usiku ule sikupata usingizi. Nahodha hakunilaumu kwa neno hata moja, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi. Nikawaza: mimi nimesema kaiti ni nzuri, yeye amesema haikuachia. Wote wawili tumesema yale tuliyoyaona na kuyahisi. Nani atatuamua? Ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, ambaye kila mara mwanafunzi akisema "nadhani" alimnyoshea rula bila kusema neno. Asubuhi nilikwenda kwa tajiri, nikamwomba ruhusa ya kuzipima kaiti zile mbili kabla mwezi haujaisha. Akacheka, akasema, "Pima, Mganda, lakini baada ya kazi."

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa mizani ya kuning'iniza, ile ya springi yenye ndoana, ambayo wachuuzi wa samaki hupimia jodari. Niliiazima kwa mzee mmoja mwenye ngalawa. "Shikamoo, mzee," nilimwambia, "naomba mizani yako nikapime tiara." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Nimepima samaki miaka arobaini, tiara bado. Chukua, lakini nirudishie."

Tulichimbia gogo katika mchanga maji yalipokuwa yamekupwa, mahali pasipo na mtu upande unakoelekea upepo. Tukaifunga mizani kwenye gogo, na kaiti kwenye mizani kwa njia ya kifyatuo cha usalama. Nahodha alishika mpini na kuisimamisha kaiti juu, mimi nikasoma mizani. Siku ya kwanza tulipima nyekundu saa tisa, bluu saa kumi. Nyekundu ilivuta kilo 17, bluu kilo 25. Nilifurahi, nikaenda kutangaza. Siku ya pili tulianza na bluu, tukamaliza na nyekundu. Bluu kilo 16, nyekundu kilo 26! Watu wakaangua kicheko. Tajiri akaniuliza kama mizani yangu ni ya samaki au ya vichekesho.

Yule mzee wa ngalawa alikuwa ameketi akishona tanga. Akaniita. "Mwanangu," alisema, "wewe hukupima tiara. Umepima upepo wa saa tisa na upepo wa saa kumi."

Niliona haya, kwa sababu jambo hilo tulifundishwa darasani. Nguvu ya upepo juu ya kitu haizidi kwa kadiri ya mwendo wa upepo tu, huzidi kwa mraba wa mwendo ule. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Mabaharia hupima mwendo wa upepo kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Upepo ukipanda kutoka noti 12 hadi noti 17, mtu aliyesimama pwani huona umeongezeka kidogo tu, lakini nguvu imekuwa mara mbili kamili. Alasiri za Paje upepo hupanda namna hiyo mara nyingi. Basi kaiti yoyote itakayopimwa mwisho itaonekana ina nguvu, hata kama ni shuka la kitanda.

Hapo nikakumbuka kitabu kimoja nilichokisoma katika maktaba ya shule yetu, habari za Wilbur na Orville Wright wa Marekani, waliokuwa mafundi wa baiskeli. Wengi wanajua kwamba tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa ndege yenye injini, safari ya kwanza ikichukua sekunde 12. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo walikuwa wapimaji wa tiara. Mwaka 1900, pale Kitty Hawk, walikirusha chombo chao kama tiara kwa kamba, wakapima mvuto wake kwa mizani ya springi. Mwaka 1901 walijenga kikubwa zaidi, na kumbe kiliinua yapata theluthi moja tu ya uzito walioutarajia kwa hesabu za vitabu. Wengine wangekata tamaa. Wao waliuliza, je, vitabu vyenyewe ni vya kweli? Walirudi kwao Dayton, wakafunga gurudumu moja la baiskeli likilala juu ya baiskeli nyingine. Pembeni mwa gurudumu lile wakasimamisha vipande viwili, kimoja kilichopinda kama bawa na kingine bapa, kisha wakaendesha kwa nguvu. Vipande vyote viwili vikapigwa na upepo ule ule, kwa wakati ule ule, na gurudumu likazunguka kuelekea upande wa mshindi. Baadaye walitengeneza sanduku refu lenye feni, wakajaribu mabawa madogo yapata 200 ya maumbo mbalimbali. Mwisho waliona kwamba namba moja iliyotumiwa na wataalamu tangu karne ya 18, 0.005, ilikuwa kubwa mno, na kwamba ya kweli ilikuwa karibu na 0.0033.

Hilo lilikuwa jibu langu. Sikuwa na uwezo wa kuuamuru upepo usimame, lakini niliweza kuzigawia kaiti zote mbili upepo mmoja.

Tukaanza upya. Tulichimbia magogo mawili, yakiwa mbali kiasi cha kaiti kutogongana, yote yakikabili upepo bila kitu mbele. Nilipata mizani ya pili, na kwanza nikaipima ile ya kwanza na hii kwa ndoo moja ya mchanga, kuona kama zinasema neno moja. Hazikusema. Ya pili ilizidisha nusu kilo, nikaandika hivyo katika daftari ili niipunguze kila mara. Tajiri alitupa kipimaupepo chake kidogo chenye pangaboi, nasi hatukukishika mkononi karibu na mchanga, kwa maana chini upepo huwa mpole kuliko juu. Tulikifunga juu ya mlingoti wa ngalawa ya yule mzee, ambayo ilikuwa imekaa kavu kwa kupwa kwa maji.

Tulirusha kaiti mbili pamoja, tukasoma mizani mara ishirini, mara moja kila nusu dakika. Kisha tukabadilisha magogo, bluu ikaenda kwenye gogo la nyekundu na nyekundu kwenye la bluu, kusudi gogo lenye mahali pazuri lisimpendelee mtu. Tukabadilisha pia washika mpini, kwa sababu kila mkono una mazoea yake. Tena, kwa kuwa mimi nilikuwa mpenzi wa bluu, nilijiogopa. Nilimweka mtoto wa yule mzee, mwanafunzi wa darasa la saba, asome mizani akiwa ameipa kaiti mgongo na hajui ipi ni ipi. Yeye hakuwa na kaiti anayoipenda. Alipenda namba tu.

Tulipima mambo matatu. La kwanza, mvuto mpini ukiwa umevutwa karibu. La pili, mvuto mpini ukiwa umesukumwa mpaka mwisho. La tatu, pembe ya kamba na ardhi, kwa kipimapembe kile cha shule chenye uzi na kipande cha risasi ya mshipi kilichoning'inia. Pembe hiyo ina maana kubwa. Kaiti ambayo inapanda vizuri kuliko inavyosukumwa nyuma na upepo husimama karibu na utosi, na kaiti nzito au mbovu hubaki nyuma. Kwa kaiti nyepesi, ukichukua tanjenti ya pembe ile unapata kwa kukadiria uwiano wa nguvu ya kuinua na nguvu ya kukokota. Sikuwahi kufikiri nitaitafuta tanjenti tena katika maisha yangu, nami niliitafuta kwa furaha.

Baada ya siku nne daftari lilikuwa limejaa. Nilichukua kila mvuto nikaugawa kwa mraba wa mwendo wa upepo, nikatafuta wastani, kisha nikaurudisha kwenye upepo wa noti 14 ili watu wote waelewe. Mpini ukiwa karibu, nyekundu ilivuta kilo 23 na bluu kilo 22. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya kipimo kimoja na kingine cha kaiti ile ile, kwa hiyo sikuwa na haki ya kusema nani ameshinda. Ubishi wa miezi mitatu ukaishia hapo.

Lakini mpini ulipokuwa umesukumwa mpaka mwisho, nyekundu ilishuka hadi kilo 7, na bluu ilibaki na kilo 15. Pembe ya nyekundu ilikuwa digrii 78, ya bluu 72. Nahodha alitazama namba zile kwa muda mrefu, akasema polepole, "Haikuachia." Nami nikaona kwamba sifa yote niliyoipa bluu ilikuwa sifa ya ugonjwa wake. Niliposema inavuta wakati wote na haichoki, kumbe nilikuwa nikisema kwamba haijui kuachia.

Nilitaka kwenda kwa tajiri pale pale na kusema kiwanda cha bluu kimetengeneza kaiti mbaya. Lakini mtu akipima kitu kilichofungwa kwenye kitu kingine, amepima vyote viwili. Kaiti ilikuwa na kamba na mpini wake. Basi tukafanya jaribio moja la mwisho: tukaifunga bluu kwenye kamba za nyekundu, na nyekundu kwenye kamba za bluu. Mtoto akasoma namba bila kujua. Kilo 15 zilihama! Sasa nyekundu ndiyo iliyokataa kuachia, na pembe yake ikaanguka hadi 72. Bluu ikaachia kama ndege atuaye mtini.

Nilijua kabla ya kunyosha kamba nitakuta nini. Tulizifunga kamba nne za bluu kwenye msumari mmoja, tukazivuta kwa pamoja. Zile mbili za mbele zilikuwa ndefu kuliko za nyuma kwa sentimita 11. Sababu yake si siri. Kamba za mbele hubeba mzigo mkubwa, hivyo kwa matumizi hurefuka zaidi kuliko za nyuma. Za mbele zikirefuka, ni kama mtu asiyeonekana anauvuta mpini daima. Hata mgeni akiusukuma mpaka mwisho, kaiti hudhani bado umevutwa nusu. Kukagua kamba za mbele na za nyuma kama zina urefu sawa ilikuwa kazi ya kila Ijumaa. Na kazi ya kila Ijumaa ilikuwa ya nani, wasomaji wapenzi?

Nilifungua daftari la ukaguzi. Ijumaa saba mfululizo palikuwa na sahihi yangu nzuri, yenye mkia, niliyojifunza kuiandika nikiwa kidato cha pili. Ijumaa hizo saba sikuzifunga kamba kwenye msumari hata mara moja. Nilizitazama tu kwa macho, nikaziona ziko sawa, nikatia sahihi, nikaenda kuoga.

Nahodha alikuwa amekwenda kusali. Nilikuwa peke yangu bandani. Nakiri kwamba nilifikiri: nikizipunguza kamba hizi usiku huu kwa fundo moja, kesho bluu itaachia vizuri, hakuna atakayejua. Nitamwambia tajiri namba hazikuonyesha kitu. Nilikaa na kamba zile mapajani mpaka giza likaingia. Lililonizuia, nasema kweli, si wema. Ni daftari. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wa mtoto wa darasa la saba, ambaye hakumpendelea mtu, na kila ukurasa ulisema kilo 15. Niliona siwezi kumwambia mtoto yule kwamba alisoma vibaya.

Nikaenda nyumbani kwa tajiri usiku ule ule, nikabisha hodi, nikamweka daftari zote mbili mezani, la vipimo na la Ijumaa. Nikasema, "Bwana, kaka Nahodha hana kosa. Mgeni aliusukuma mpini. Kamba hazikuwa sawa, na mkaguzi wa kamba ni mimi." Alisoma kwa muda, akiyafunua makaratasi moja moja. Kisha akaniuliza tanjenti ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema, "Utakatwa mshahara wa mwezi mmoja, na fedha hizo ataongezewa Nahodha. Na kuanzia Ijumaa hii kila kamba itafungwa kwenye msumari, mbele ya watu wawili." Nilimshukuru, kwa maana nilitazamia kufukuzwa.

Nahodha hakusema nami siku tatu. Sikumlaumu. Ilipofika Ijumaa nilikuwa nikinyosha kamba, nikaona mtu ameshika ncha ya pili. "Vuta, mdogo wangu," alisema, "mimi niko huku." Tukapima kamba zote za banda, jozi kumi na moja. Jozi tatu nyingine hazikuwa sawa.

Ndugu zangu wanafunzi, tangu wakati huo nimesoma mengi juu ya mchezo huu. Mwaka 2008 Sébastien Cattelan wa Ufaransa alikuwa mtu wa kwanza kwenda kwa tanga au tiara kwa mwendo wa zaidi ya noti 50, huko Lüderitz, Namibia. Mwaka 2017 Mfaransa mwenzake, Alex Caizergues, alifikia noti 57.97. Namba hizo huaminiwa kwa sababu hazipimwi kwa kuhisi wala kwa sekunde moja ya bahati, bali ni wastani wa mwendo katika mita 500 zilizopimwa. Mwaka 2024 mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki, ukashindaniwa Marseille. Na bado kila pwani utakuta watu wakiapa juu ya kaiti zao. Hata namba iliyoandikwa juu ya kaiti yaweza kukudanganya, kwa kuwa mita 9 za mraba ni eneo la kitambaa kilichotandazwa. Kikipinda angani, eneo linalokabili upepo hupungua, na kila kiwanda hukipinda kwa namna yake.

Kwa hiyo, mkitaka kulinganisha vitu viwili, iwe kaiti, mbegu za mahindi au majiko ya mkaa, vipeni upepo mmoja. Vibadilishaneni mahali. Vipimeni mara nyingi, si mara moja. Kipimeni kipimo chenyewe. Mwekeni asiye na mapenzi asome namba. Na mkikuta tofauti, msiseme sababu yake mpaka mmebadilisha kimoja kimoja katika vile vilivyofungwa pamoja, kwa maana mara nyingi kosa haliko katika kitu mnachokilaumu.

Tajiri mwisho alinunua kaiti sita, tatu za bluu na tatu nyekundu, kwa kuwa bei zililingana. Mizani nilimrudishia mzee wa ngalawa. Aliinusa, akasema ni mara ya kwanza imerudi bila harufu ya samaki. Sasa niko Jinja, nami ni fundi wa kutengeneza mizani za sokoni. Ukutani kwangu nimepigilia msumari mmoja usio na kazi yoyote. Wateja huniuliza ni wa nini, nami huwaambia ni wa siku ya Ijumaa.